Haijajaribiwa kwa Wanyama

Vijana wangu wa banda, siku ya kuagana mliniomba niwaachie mwongozo wa kazi. Mkubwa wenu wa sasa akasisitiza kwamba upangwe kwa vichwa vya habari. Nilijaribu. Kichwa cha kwanza nilichoandika kilikuwa "Utangulizi", nikakaa nacho siku nne, halafu nikakifuta. Mlichonacho mkononi si mwongozo. Ni maneno ya mtu aliyefanya kazi miaka ishirini na nane na sungura, na ambaye sasa amekaa nyumbani Zinga na watu wanaomjibu, jambo ambalo bado hajalizoea.

Vyeo sitavitaja. Nilipanda polepole kiasi kwamba hakuna aliyeona, mimi nikiwemo.

Niliripoti kwenye kituo chetu cha utafiti na shahada ya zoolojia na viatu vipya. Chuoni nilikuwa nimesoma habari za simba, na jinsi nyumbu wanavyohama, kwa hiyo nilitegemea angalau gari lenye paa la kufungua. Badala yake nilipelekwa nyuma ya jengo la maabara, kwenye lile banda la tofali mnalolijua, madirisha ya wavu, sakafu ya saruji iliyoteremka kidogo ili maji yakimbilie mferejini. Ndani mlikuwa na sungura weupe, panya weupe, na mwanamke mfupi mwenye ufagio. Huyo ndiye Bi Kidawa, mhudumu wa banda, aliyeishia darasa la saba na aliyekuja kunifundisha kila kitu ambacho chuo kilisahau.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba. Wewe ndiye msomi?"

"Ndimi."

"Haya msomi, mtoe huyo tumsafishie nyumba."

Nikafungua kizimba, nikamshika sungura masikio, kama nilivyoona kwenye picha. Ufagio ulinipata kwenye kifundo cha mkono kabla sijamnyanyua.

"Hayo ni masikio, si mpini wa sufuria! Wewe ukibebwa hivyo utafika salama?"

Akanionyesha. Mkono mmoja unakamata ngozi ya shingoni, wa pili unabeba makalio, na kichwa cha sungura unakificha kwapani. Akiwa gizani hutulia. Miguu ya nyuma usiiache ikining'inia hata mara moja, maana sungura akiogopa hupiga teke hewani kwa nguvu kiasi cha kujivunja mgongo. Ninyi mnajua hayo. Nayaandika kwa ajili ya atakayekuja baada yenu na shahada.

Kazi yenyewe, kwa wasioijua, ilikuwa hii. Watu wanatengeneza kitu cha kupaka kwenye ngozi, labda dawa ya kufukuza mbu au marhamu ya upele. Kabla hakijapakwa kwa mtu, kinaletwa kwetu. Tunamnyoa sungura mgongoni kwa mashine, tunambandikia vipande vinne vya shashi vilivyoloweshwa, tunafunga bandeji, tunangoja. Baada ya saa moja tunafungua na kutazama, tunafunga tena, kesho yake tunatazama tena, na kesho kutwa. Ngozi isiyobadilika inapewa sifuri. Wekundu kidogo, moja. Ukipanda hadi nne, kitu hicho kirudi kilikotoka. Mimi nilikuwa na chati ya rangi kutoka ng'ambo, imefunikwa kwa plastiki. Bi Kidawa alikuwa na macho. Mimi nilisema, "Mbili, labda mbili na nusu." Yeye alisema, "Huyu kakereka," au "Huyu kakasirika kabisa." Miaka ya mwanzo tulikuwa tunabishana. Baadaye nilijifunza kumsikiliza yeye kwanza, kisha kutafuta kwenye chati namba inayofanana na alivyosema.

Tulibishana pia juu ya neno moja. Utaratibu ulitaka mnyama akimaliza kazi auawe kwa sindano, na mimi ndiye niliyetafsiri maelekezo ukutani: "Uhai utolewe kwa njia ya utu." Bi Kidawa alisoma, akasoma tena, ufagio umesimama.

"Utu wa nani, msomi?"

"Ndiyo lugha yao, Bi Kidawa. Maana yake bila maumivu."

"Basi andika bila maumivu. Utu usiuingize humu, hauna hatia."

Nilibadilisha. Lakini swali lenyewe halikubadilika, nikawa napita nalo kila nikienda kuchukua sindano.

Kuna fomu, na hii isikilizeni vizuri. Kabla ya kila jaribio, fomu ya kamati ya maadili ina kisanduku kinachosema: "Mbadala uliofikiriwa." Yaani, ulifikiria njia gani nyingine kabla ya kumgusa mnyama? Mwaka wangu wa kwanza nilikaa nikafikiria, nikaandika: "Hakuna." Mwaka wa pili niliandika "Hakuna" bila kukaa. Kufikia mwaka wa kumi mkono wangu ulikuwa unaandika "Hakuna" wenyewe huku mimi nikizungumza mpira na mlinzi. Hakuna aliyewahi kunirudishia fomu ile. Ningekuwa mimi kwenye kamati, nisingeirudisha pia. Mwandiko ulikuwa mzuri.

Sasa msije mkadhani nawaambia mlifunge banda. Ile dawa ya mbu ya kupaka ilipita migongoni mwa sungura wetu kabla ya kufika kwa watoto wa Fukayosi, na ile ya kwanza, iliyokuja ikanuka vizuri na kuchubua ngozi kama maganda ya kitunguu, haikufika. Hilo silijutii. Ninachojutia ni vile vikopo.

Vikopo vilianza kuja kidogo kidogo. Krimu, losheni, sabuni za kung'arisha. Siku moja kikaja kimoja chenye picha ya mwanamke anayejitazama begani kwa furaha. Tulimbandikia sungura nambari kumi na saba. Kesho yake Bi Kidawa akafungua bandeji, akavuta pumzi.

"Huyu hajakasirika. Huyu anashtaki."

Nne. Nikajaza fomu, nikanawa mikono, nikarudi nyumbani, na juu ya meza ya kioo ya mke wangu Salma nikakuta kikopo kilekile, mwanamke yuleyule anajitazama bega. Kilikuwa nusu. Nikamwita.

"Mama Rukia, hiki kitu kimemuunguza sungura. Siku moja tu!"

Salma alinitazama kwa utulivu, na hapo ndipo mtu mwenye akili huanza kuogopa.

"Sungura kapaka siku moja, ukamwona. Mimi nimepaka tangu mfungo mosi. Mimi hukuniona?"

Nilipotaka kujibu akaongeza, "Na nusu ya pili ya hicho kikopo umepaka wewe, kwenye vipele vya ndevu. Unadhani sijui?"

Ilikuwa kweli. Tulikitupa pamoja. Kwa miaka mingi nilikuwa nailaumu fomu na wale waliotuletea vikopo, na sikuwahi kujiuliza kwa nini vinaletwa. Vinaletwa kwa sababu kuna mtu dukani atavinunua, na mtu huyo alikuwa ananyolea ndevu nyumbani kwangu.

Bi Kidawa akastaafu, akahamia Zinga, nyumba ya nne kutoka kwetu. Mimi nikabaki na miaka yangu, hadi ukafika mwaka wa mwisho, ambao ndio hasa nimekaa kuuandika.

Mwaka huo Salma na wenzake kumi walianza kutengeneza sabuni ya kuogea. Mafuta ya nazi, mwani uliokaushwa na kusagwa, na kostiki, ambayo ndiyo dawa kali inayoyageuza mafuta kuwa sabuni. Sabuni ya namna hii ikishamiminwa na kukatwa, hukaa kwenye kichanja wiki sita ndipo ukali wake uishe. Walianza vizuri. Toleo la kwanza lilikaa wiki sita, likatoka laini, lenye harufu ya bahari kidogo. Meneja wa hoteli moja ndogo ya ufukweni akaipenda. Akataka mzigo mkubwa kabla ya mwisho wa mwezi, na sharti moja: wageni wake ni watu wa huruma, lebo iseme sabuni haikujaribiwa kwa wanyama.

Kwa kina mama wale, mzigo huo ulikuwa ndio mwanzo wa kujulikana. Hoteli moja ikichukua, ya pili nayo itauliza. Kwa hiyo lebo ilitakiwa iandikwe vizuri, na nani aandike kama si msomi wa nyumba? Nikakaa, nikaandika kwa herufi kubwa, juu kabisa, kabla hata ya jina la sabuni: HAIJAJARIBIWA KWA WANYAMA. Tukachapisha nyingi. Nyingine tukabandika kwenye vipande vya toleo la kwanza vya kupeleka duka la Sefu, pale barabarani, ili na majirani wanunue.

Siku ya tatu tukaenda kwa Sefu kuangalia. Hakuna kipande kilichotoka. Sefu mwenyewe alikuwa na uso wa mtu aliyebeba habari asiyotaka kuiweka chini.

"Dada Salma, sabuni nzuri. Ila watu wanaisoma."

"Si ndiyo tunataka?"

"Ngojea."

Hazikupita dakika tano, akaingia mama mmoja, akachukua kipande, akanusa, akatabasamu, akageuza upande wa lebo. Akasoma kwa sauti.

"Haijajaribiwa kwa wanyama. Hii? Hata kwa kuku?"

"Hata kwa kuku," nikasema kwa fahari.

"Hata kwa mbuzi?"

"Hatujamgusa mnyama yeyote, mama."

Akakirudisha kipande mahali pake kwa ncha za vidole viwili, kama kinauma.

"Hata mbuzi hamjamjaribishia, mnataka muanze na mimi?"

Na akaondoka na sabuni ya mche.

Salma alianza tulipofika kizingitini.

"Baba Rukia. Umesoma mpaka chuo kikuu. Ukakaa, ukafikiri, ukaandika kwa herufi kubwa kwamba sabuni yangu haijajaribiwa."

"Kwa wanyama."

"Watu husoma neno la kwanza!"

Nilianza kumweleza kwamba kwa wageni wa hoteli maneno hayohayo ni sifa. Akanikata.

"Sawa. Wageni wanataka isijaribiwe, majirani wanataka ijaribiwe. Pale kazini kwako mna sungura wangapi?"

"Ni wa kituo."

"Kwani watapungua?"

"Watanyolewa, Mama Rukia."

"Nywele huota."

"Na meneja je? Tutamwambia nini?"

"Meneja atasoma lebo ya meneja. Zinga watasoma lebo ya Zinga."

Ningependa kuwaambia kwamba nilikataa. Nilisema, "Nitaangalia," na mume akisema nitaangalia ameshakubali.

Jumatatu nikaja kazini na vipande viwili vya sabuni mfukoni, vimefungwa kwenye gazeti: kimoja cha toleo la zamani, kimoja cha mzigo mpya wa hoteli. Ninyi mlikuwa ndani ya maabara mnakunywa chai. Nikamtoa sungura, nikamficha kichwa kwapani, nikawasha mashine ya kunyolea. Mkono wa kulia ukajinyoosha wenyewe kuvuta fomu, kwa mazoea, nikaona kile kisanduku. Mbadala uliofikiriwa. Kalamu ikawa tayari imeandika "Ha".

Nikasimama hapo. Sabuni ile haikuwa dawa ya mbu. Hakuna mtoto ambaye angeugua kwa kuikosa. Na mbadala ulikuwepo, umesimama na mashine mkononi, una mgongo mpana usio na kazi nyingine. Nikazima mashine. Sungura nikamrudisha, kapoteza nywele kidogo tu juu ya mkia. Mmoja wenu aliniuliza wiki ile kama ana fangasi, nikasema tutamfuatilia. Samahani.

Jioni hiyo nikaenda kwa Bi Kidawa na vifaa vyote ndani ya mfuko wa rambo.

"Shikamoo Bi Kidawa."

"Marahaba, msomi. Umemleta nani?"

"Mimi."

Nilimweleza yote. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniambia nivue shati nikae kwenye kigoda, nimpe mgongo.

Tulifanya kwa kufuata utaratibu, na hili nalisema kwa sababu kuna wenzenu wanaodhani kujibandika sabuni kavu ni sayansi. Sabuni huyeyushwa kwanza kwenye maji kwa kipimo. Shashi nne: ya maji matupu, ya sabuni ya dukani, ya toleo la zamani, na ya mzigo mpya. Bi Kidawa ndiye aliyepanga ipi ikae wapi, akaandika kwenye karatasi, akaikunja, akaiweka kwenye kanga. Mimi sikutakiwa kujua, maana mgongo wa mume una upendeleo.

"Acha kujitikisa," akasema akininyoa. "Sungura walikuwa na adabu kuliko wewe."

"Sungura hawakuwa wanachekwa."

Siku mbili zilizofuata nilikaa wima. Wakati wa chakula Salma akauliza, "Mbona huegemei kiti?" Nikasema nimeshauriwa na daktari. "Na majibu ya sungura?" Nikasema Jumatano.

Jumatano Bi Kidawa akavaa miwani, akafungua bandeji.

"Juu kushoto, sifuri. Juu kulia, sifuri. Chini kushoto, kakereka kidogo, moja." Akainama zaidi. "Huyu wa chini kulia, ala! Tatu. Na lengelenge. Ulikuwa husikii?"

"Nilikuwa nasikia tangu jana. Ipi hiyo?"

Akafungua karatasi. Maji yalikuwa sifuri. Toleo la zamani sifuri. Sabuni ya dukani moja.

"Chini kulia ni ya hoteli," akasema. Hakucheka tena.

Nikarudi nyumbani. Salma alikuwa anabandika lebo. Vipande vimepangwa ndani ya makasha hadi mlangoni, kesho yake ndiyo siku ya kupeleka.

"Enhe, sungura anasemaje?"

"Hakuna sungura," nikasema, nikavua shati, nikageuka.

Nilisikia lebo ikianguka. Kisha vidole vyake, polepole, karibu na lengelenge bila kuligusa.

"Nani kakunyoa vibaya hivi?"

"Bi Kidawa."

"Na hii ni sabuni yangu?"

"Mzigo mpya. Mlikaa nao kwenye kichanja siku ngapi?"

"Tisa," akasema. "Alitaka kabla ya mwisho wa mwezi."

Akakaa juu ya kasha. Nitawaandikia alichosema baadaye kama kilivyokuwa, kwa sababu Salma ameruhusu na kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimekifikiria njia nzima. Alisema, "Wale wa hoteli wanaoga mara mbili, wanapanda ndege. Nani atajua?"

"Hakuna," nikasema. Neno likatoka kirahisi kama linavyotoka kwenye fomu, na nadhani sote wawili tulisikia jinsi lilivyotoka.

Alichukua simu mbele yangu, akampigia meneja. Alimwambia sabuni haijaiva na inahitaji wiki tano zaidi. Meneja alisema hana wiki tano, atachukua ya kiwandani kutoka Dar. Salma akasema, "Sawa baba, ahsante." Akaweka simu juu ya lebo na kukaa akizitazama.

Kikao cha kina mama sikuhudhuria, lakini nilikisikia kutoka uani. Mmoja alitaka kujua ni lini mgongo wa Baba Rukia ulichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kikundi. Mwingine akasema ngozi yangu ni ya ofisini, haijazoea kitu. Wote kumi walininunia, na kwa kuwa Zinga si kubwa, nilinuniwa sokoni, njiani na kwenye maulidi. Hoteli ya pili haikuuliza, kwa sababu ya kwanza haikuchukua. Wiki tano zile Salma alikuwa akigeuza vipande kwenye kichanja kila asubuhi, kimoja kimoja, na mimi nikimalizia siku zangu za kazi. Fomu mbili za krimu zilizoletwa wakati huo nilizirudisha zilikotoka, nikiwa nimeandika kwenye kisanduku kile mstari mzima. Mtazikuta kwenye faili. Mwandiko si mzuri.

Wiki zilipotimia nilivua shati tena. Safari hii kina mama nao walikunja mikono ya magauni, kila mmoja akabandika kipande chake cha shashi mkononi. Bi Kidawa alipita akifungua bandeji kama anakagua gwaride. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Kwangu pia, isipokuwa lile kovu la mraba la mara ya kwanza, ambalo mpaka leo halijakubali kufifia.

Nikavuta karatasi niandike lebo mpya. Salma akaninyang'anya kalamu kwa upole, kama unavyomnyang'anya mtu kisu. Akaandika mwenyewe, maneno matatu: Tumeiogea sisi kwanza.

Tukapeleka kwa Sefu. Nilikuwa nimestaafu wiki hiyohiyo, nina muda wa kubeba makasha. Kulikuwa na mama mmoja anapimiwa unga. Akachukua kipande, akasoma.

"Sisi akina nani?"

"Baba Rukia," Salma akasema, "geuka."

Nikatazama nje kama kuna watu. Walikuwepo. Nikageuka, nikapandisha shati.

Yule mama akasogea karibu, akachunguza mgongo kwa umakini ambao Bi Kidawa angeusifu.

"Na hii alama hapa chini?"

"Hiyo ni ile tuliyoharakisha," Salma akasema. "Hatukuiuza mpaka ikaiva."

Unga ukaendelea kumiminwa.

"Nipe mbili," akasema mama yule. "Na huyo mpe pole."